Maji Nyuma ya Mlango

Mwezi wa Januari, siku moja kabla mke wangu hajarudi kazini Naivasha, alinipitisha katika nyumba yetu kama mtu anayemkabidhi mpangaji mpya. Nyumba ina vyumba viwili, kwa hiyo safari haikuwa ndefu. Alinionyesha tambara la vyombo na tambara la sakafu, akanionya nisiyachanganye. Alinionyesha mahali anapoficha sabuni ya kufulia ili mtoto asiimalize kwa kutengeneza mapovu. Mwisho akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akaugeuza nyuzi zikaangalia juu, akausimamisha tena palepale.

"Unafagia asubuhi kabla hujaenda kazi," akasema. "Si jioni."

"Najua."

"Unajua, lakini utasahau. Ukirudi jioni uone vumbi, wachana nalo. Lilale."

Mke wangu hupakia maua ya waridi katika shamba moja kando ya ziwa. Siku za kazi hulala Karagita, katika chumba anachopanga na mwenzake, na Jumamosi jioni huja Nakuru. Lakini maua ya Februari hayangoji. Kuanzia katikati ya Januari mpaka siku ya wapendanao ipite, hakuna anayepewa mapumziko ya kutosha kufika nyumbani na kurudi. "Watu wa ng'ambo wanapendana," yeye husema kila mwaka akifunga mkoba, "na sisi wa huku tunaachana." Mwaka huo alituacha mimi na binti yetu, ambaye alikuwa ameanza gredi ya kwanza wiki hiyohiyo.

Ile sheria ya jioni hakuitunga yeye. Kwa mama yangu, na kwa mama yake mama yangu, ufagio haushikwi jua likishatua, kwa sababu jioni ndipo baraka huingia nyumbani pamoja na watu, na anayefagia saa hizo anaitoa nje pamoja na takataka. Mke wangu alilelewa hivyohivyo. Kazi yangu ni kusoma mita za maji, na kutwa nzima huwa naingia na kutoka katika viwanja vya watu, kwa hiyo naweza kusema kwamba si sisi peke yetu. Nimefika kwa familia za Kiislamu za Bondeni ambazo babu zao walitoka pwani, na nimefika Lanet kwa watu waliohamia juzi kutoka mashambani Dundori. Hawafanani kwa chakula wala kwa salamu. Lakini alfajiri mji mzima unafagia, unasikia kutoka barabarani, na magharibi fagio zote zimelala.

Vumbi, kwa upande wake, halina saa. Kwetu lami inaishia dukani. Kutoka hapo ni barabara ya udongo, na lori la mchanga likipita, sahani zilizoanikwa hugeuka rangi ya uji. Miezi ya kiangazi upepo wa adhuhuri husimamisha nguzo za vumbi uwanjani, zikabeba karatasi na majani makavu, na watoto huzikimbilia wakiwa wamefumba macho. Ukifunga madirisha, linapita chini ya mlango. Ukiziba chini ya mlango, unalileta mwenyewe kwa viatu. Kwa miguu yangu, baada ya kuzunguka mita za mtaa mzima, nilikuwa naleta la mitaa yote.

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Niliamka, nikawasha jiko la gesi, nikaweka maji ya chai, nikafagia wakati yanachemka. Binti yetu alilala sebuleni, kwenye godoro lililotandikwa sakafuni kando ya kochi, na nilimzunguka nikifagia kama mtu anavyozunguka kisiki akilima. Kisha nilimwamsha, akavaa sare, nikamshusha shuleni na kuendelea na kazi. Alasiri alikaa kwa jirani wa mlango wa tatu mpaka nije. Tulifika nyumbani pamoja jua likiwa limekwisha kutua.

Asubuhi moja nilikuwa namfunga kamba za viatu nikasikia mluzi. Nilidhani ni sufuria. Ulikuwa unatoka kifuani mwake. Aliinama, akashika magoti, na mabega yakaanza kupanda na kushuka. Nilimbeba mpaka kwa boda, na boda akatufikisha kliniki bila kuuliza mambo ya nauli.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimvutisha dawa kwa kifaa cha plastiki, mluzi ukapungua, ukaisha. Akaniuliza kama tuna paka. Nikasema hatuna. Akauliza kama tunapikia kuni ama makaa. Nikasema gesi.

"Basi ni vumbi," akasema. "Akue mbali na vumbi. Punguzeni vumbi ndani ya nyumba."

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikipewa agizo, nalitekeleza. Niliondoa pazia zito, nikalifunga ndani ya gunia. Niliondoa mkeka. Nikaanza kuamka mapema zaidi na kufagia mara mbili, mara ya kwanza kwa ufagio mgumu, mara ya pili kwa ule laini, nikiingia chini ya kochi na pembeni mwa godoro ambako zamani nilikuwa napita juujuu. Binti yetu alikohoa asubuhi hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata.

Mke wangu alipiga simu kila siku wakati wa chakula chake cha jioni. Alikuwa akiuliza mambo mengi, lakini mwisho alisema kila mara neno lilelile: "Weka simu kifuani mwake." Niliweka. Binti yetu alitulia akiangalia dari, akipumua kwa makini kama mtu anayepimwa nguo. Huko Karagita mama yake alisikiliza akiwa amesimama nje ya chumba, kwa sababu ndani mwenzake alikuwa na redio. Kisha nilirudisha simu sikioni.

"Bado iko," akasema.

Mama yangu aliposikia, alikuja. Anaishi juu, upande wa Molo, ambako badala ya vumbi kuna tope. Alifika na mkoba wa viazi, sukumawiki na maziwa ya mgando, na ndani ya mkoba huo alikuwa amekunja mkoba mwingine mtupu. Alitoa viazi, akatoa mboga, kisha akakunjua ule mtupu na kuutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Binti yetu ndiye aliyeuliza.

"Shosho, huu ni wa nini?"

"Ni wa nguo zako, wajina."

Binti yetu amepewa jina la mama yangu, kama ilivyo desturi kwetu kwa binti wa kwanza, na mama huichukulia desturi hiyo kwa uzito wake wote. Kwake mtoto huyu si mjukuu tu. Jioni hiyo alinieleza msimamo wake, akimenya viazi, kwa Kiswahili ili mtoto naye asikie.

"Mimi sikuja kugombana. Mama yake akimaliza maua yake, aje akute huyu amepona. Asipopona, narudi na yeye."

"Mama, ameanza shule juzi."

"Huko kwetu kuna shule."

"Na kuna moshi. Jikoni kwako hata sisi tulikuwa tunalia machozi."

"Moshi umewalea wote, na hakuna aliyekufa." Akakata kiazi. "Huyu ni mimi. Nikikohoa hivi, nitajiacha hapa nikiendelea kukohoa?"

Niliporipoti maneno hayo Karagita, kwanza nilisikia redio ya mwenzake mke wangu ikitangaza kitu.

"Asiende," mke wangu akasema. "Mimi nilipelekwa kwa shosho muhula mmoja, kwa sababu ya homa. Nilirudi nikiwa nimemaliza darasa la nane."

"Hakuna mtu amesema darasa la nane."

"Hata mimi hakuna mtu aliniambia."

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Kulikuwa na kifua cha mtoto, kulikuwa na mkoba mtupu kwenye msumari, na kulikuwa na maua ambayo yangeisha wakati wowote. Nikaongeza bidii. Nikafagia kama mtu anayedaiwa.

Kazi ya mita humfundisha mtu tabia moja. Namba ikipanda pasipo sababu, huulizi watu wa nyumba hiyo wamekunywa maji kiasi gani. Unafunga bomba zote, unachuchumaa, unaangalia kama sindano ya mita bado inazunguka; ikizunguka, kuna mahali panavuja. Nilianza kumtazama binti yetu hivyo. Jioni alikuwa mzima. Mwalimu wake alisema anakimbia na wenzake. Jumapili, tulipotoka haraka kwenda kanisani na kuacha usafi mpaka turudi, hakukohoa kabisa. Kikohozi kilikuja asubuhi za kazi tu, na kilianza wakati chai inakaribia kuchemka.

Siku hizo nilisoma mita katika uwanja mmoja ambapo mlango ulikuwa wazi na jua la asubuhi limeingia sebuleni kwa mstari mmoja mwembamba. Mama mwenye nyumba alikuwa amefagia, amemaliza, ametoka nje kumwaga uchafu. Ndani ya mstari wa jua vumbi lilikuwa bado linaelea, polepole. Nilisimama nikaangalia mpaka akaniuliza kama mita yake imeharibika.

Kesho yake asubuhi nilimhamishia binti yetu kitandani kwa shosho wake, akiwa usingizini, ingawa siku zote alikataa kulala huko akisema shosho anakoroma. Kisha nikalala mimi kwenye godoro lake.

"Mama, hebu njoo ufagie."

Alitoka akifunga leso kichwani. "Umeugua?"

"Fagia tu. Fagia kama mimi."

"Mwanaume mzima amelala chini nimfagilie kando kama maiti," akasema, lakini alishika ufagio.

Alifagia. Nilikuwa nimeelekeza tochi ya simu mbele ya uso wangu, na ndani ya mwanga ule niliona kilichokuwa kikitokea kila siku juu ya binti yetu. Vumbi liliinuka kutoka sakafuni, likasimama, likafikiri, kisha likashuka. Nilihisi linatua kwenye midomo. Ufagio ulipeleka mlangoni mchanga na nywele na makombo, yale yanayoonekana. Lile jingine ulilitoa sakafuni ukampa mtoto.

Nilipoinuka mama aliniangalia. Nilimwambia alale yeye nimfagilie. Alikataa kulala, lakini aliinama, akashika ile tochi, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Kumbe," akasema.

Siku mbili zilizofuata alifagia mwenyewe tukiwa tumekwisha kuondoka, milango na madirisha yakiwa wazi, na kifua kikatulia. Ningefurahi, ila mama si mtu wa kujidanganya. "Hiyo si dawa," akasema. "Nikirudi kwangu utaandika nani kazi? Upepo?" Alisema kweli. Nyumba yetu mchana haina mtu. Mimi na mtoto tunatoka pamoja na kurudi pamoja. Kama usafi haufanyiki alfajiri, unabaki wakati mmoja tu, tukishafika jioni, kabla godoro halijatandikwa.

Nilifika siku iliyofuata, nikavua viatu, nikachukua ufagio. Nje kulikuwa na wekundu kidogo juu ya paa za jirani. Mama alikuwa jikoni, yaani kona ya sebule yenye jiko. Aligeuka.

"Weka chini."

"Mama, ni vumbi. Si baraka."

"Wewe unaweza kuzitofautisha gizani?"

"Hakuna giza. Kuna stima."

"Stima ilikuja juzi." Alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni, mwiko ukiwa bado mkononi mwake. "Ukitaka kutoa kitu nje ya nyumba hii jioni, utapita juu yangu."

Ni nyumba yangu, ninailipia kodi. Lakini kuna mambo ambayo mtu hayafanyi mbele ya mama yake, na kufagia kuelekea miguu yake aliposimama ni mojawapo. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyekuwa na mkoba. Niliuegemeza ufagio ukutani. Binti yetu alituangalia kwa zamu, mimi, shosho, mimi.

Hapo ndipo maziwa ambayo mama aliyaacha motoni yalipofurika. Yalizima moto, yakatiririka kwenye meza ya jiko na kudondoka sakafuni. Mama aliacha mlango, akanyakua tambara, akalichovya katika maji, akapiga magoti na kupanguza. Aliyafuata maziwa mpaka chini ya kochi. Alipolikamua tambara ndani ya beseni, maji yalitoka meusi. Maziwa hayakuwa na rangi hiyo.

"Na hiyo?" nikauliza.

"Hii nini?"

"Si unasafisha jioni."

"Hii ni tambara," akasema kwa hasira. "Ufagio unatoa. Tambara halitoi kitu. Linaokota tu, linabaki na…"

Akaishia hapo. Aliangalia tambara, akaangalia beseni. Ninamfahamu mama yangu. Huwa hakubali kushindwa, lakini akishindwa na yeye mwenyewe hana neno.

"Leta maji mengine," akasema.

Alinifundisha jioni hiyo, na sheria zilikuwa zake zote. Tambara lilowe lakini lisidondoshe, maana kwetu maji huja kwa zamu, na hilo mimi msoma mita sihitaji kuelezwa na mtu. Sakafu ipanguzwe kwa magoti, si kwa tambara lililofungwa mtini, ili jicho liwe karibu. Kila mtu mwingine ninayemjua hupanguza akirudi nyuma kuelekea mlangoni, ili atoke nje sakafu ikauke. Mama alikataa. Kupanguza kuelekea mlangoni ni kufagia kwa maji, alisema. Unaanzia mlangoni na kuingia ndani, unakusanya, hufukuzi. Na maji machafu hayamwagwi. Yanakaa kwenye beseni nyuma ya mlango, pale pale ufagio ulipokuwa, mpaka jua litoke.

"Kwa hiyo hakuna kilichotoka," nikasema.

"Kimetoka wapi? Kiko hapo, unakiona."

Utaratibu huo una tatizo moja. Ukianzia mlangoni, unaishia ukutani, na sakafu nzima iliyo kati yako na chakula ni maji. Tulipanda kitandani wote watatu, miguu juu, kungoja ikauke. Mama aliona hilo ni jambo la kawaida. Binti yetu aliliona ni sherehe. Kila jioni baada ya hapo, nikishafika ukuta wa mwisho, alikuwa amekwisha kukaa katikati ya kitanda, akituonyesha nani akae wapi.

Mambo kama hayo hayafichiki mahali ambapo milango inatazamana. Jirani wa mlango wa tatu alinikuta nimepiga magoti kizingitini, tambara mkononi.

"Ehe! Nani amekuoa?"

"Vumbi."

"Na mahari imetoka?"

"Bado. Wakwe zangu wanakataa kutoka ndani."

Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini tambara ni la kitambaa gani. Nilimwambia ni fulana kuukuu ya pamba. Wiki hiyo niliona ya kwake imeanikwa kambani.

Asubuhi sikufagia tena. Binti yetu aliamka katika nyumba iliyotulia. Singependa kusema kikohozi kilikwisha, kwa sababu hakikuisha. Kuna siku lori lilipita mapema na akakohoa njia nzima. Kuna siku nyingine alihitaji ile dawa ya kuvuta. Lakini mluzi wa asubuhi uliondoka, na kwenye simu mke wangu alianza kusikiliza kwa muda mrefu zaidi, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mkoba ulibaki kwenye msumari. Nilipomuuliza mama, alijibu kwamba alisema mama wa mtoto akija, na mama wa mtoto hajaja.

Akaja Jumamosi moja jioni, maua yakiwa yamekwisha kusafiri. Hakutuambia saa. Nilikuwa nimemaliza kupanguza na tulikuwa kitandani, mlango wa kati ukiwa wazi, tukila njugu. Tulisikia hodi, tukasikia mlango ukifunguka, na mke wangu akasimama kizingitini na mkoba wake begani na nywele zake zikiwa bado na alama ya kofia ya kazini.

Kwanza alituona sisi, watu watatu juu ya kitanda kimoja, miguu juu, hakuna anayeinuka. Kisha akaona beseni nyuma ya mlango. Kazini kwake hakuna maji machafu yanayokaa. Huosha mikono wakiingia na wakitoka, hata viatu hukanyagishwa dawa. Niliona uso wake ukihesabu wiki alizokuwa mbali. Aliweka mkoba chini, akainama, akalibeba beseni kwa mikono miwili na kugeuka nalo kuelekea nje, kwenye giza jepesi.

"Weka!" mama alipiga kelele.

"Mama, usimwage!" binti yetu naye.

Mimi nilisema kitu, sikumbuki ni nini. Hakuna hata mmoja aliyeshuka, kwa sababu ya sakafu. Mke wangu aliganda hapo, beseni likiwa limeinama, maji yakiwa yamefika ukingoni.

"Kwani imekuwa nini?"

"Hiyo ni ya asubuhi," binti yetu akamweleza, polepole, kama mwalimu. "Jioni haitoki. Ukimwaga sasa umefagia."

Mke wangu aliliangalia lile beseni. Amelelewa nyumba kama yetu, kwa hiyo hakuhitaji maelezo mengi. Aliona tambara limening'inia pembeni, akaona ufagio hauko mahali alipouacha, akaona sakafu inang'aa kwa maji kutoka alipo mpaka tulipo. Akalirudisha beseni nyuma ya mlango taratibu, bila kudondosha.

"Sawa," akasema. "Na mimi nitaingia saa ngapi?"

"Ikauke," nikasema.

Alingoja mlangoni mwa nyumba yake kama mtu aliyekuja kuuza kitu. Hakungoja sana. Aliangalia upande wa mama yangu, si wangu.

"Kifua?"

Mama alikuwa na punje ya njugu kati ya vidole. Aliimenya, akampa mtoto.

"Njoo usikize mwenyewe. Simu hudanganya."

Mke wangu alivua viatu, akavuka sakafu. Nyayo zake zilibaki kwenye maji, moja moja, kutoka mlangoni mpaka kitandani. Alipiga magoti na kuweka sikio kwenye kifua cha binti yetu, na binti yetu akaangalia dari kama alivyozoea. Nje jirani alikuwa akimwita mtu. Mke wangu alihamisha sikio upande wa pili.

"Moyo tu," akasema.

Mama aliinuka, akashuka upande wa pili wa kitanda na kwenda kuangalia chakula, akipita pembeni asikanyage zile nyayo.

Asubuhi jua lilipopiga paa la jirani, binti yetu alilikokota beseni mpaka nje kwa msaada wa mama yake. Walimwaga maji kwenye udongo mbele ya mlango, kidogo kidogo, mahali ambapo viatu vyangu hupita. Udongo ulilowa ukawa mweusi, na kwa saa moja hivi haukuinuka kwa mtu yeyote.

Tuliporudi kutoka kanisani mama aliutoa ule mkoba kwenye msumari. Aliukung'uta. Akaweka ndani sukari, majani ya chai na sabuni za kipande alizonunua dukani pale lami inapoishia, vitu anavyobeba kila akitoka kwetu. Mke wangu alisimama karibu akikunja nguo za mtoto zilizokuwa zimekauka, na alizishika mikononi mpaka mkoba ulipofungwa. Ndipo akaziweka kabatini.

"Wajina," mama akasema akiwa mlangoni, "usimwache baba yako apanguze kuja huku."

"Anaanzia hapa," binti yetu akasema, akakanyaga kizingiti kumwonyesha.

Nilimsindikiza stendi, nikimbebea mkoba. Ulikuwa mzito kwa sababu ya sukari.